Ekari Nne Zilizochoka kwa Maandishi

Jumatano, 1 Machi 1995. Jumatano ya Majivu.

Daktari wa Bariadi kasema moyo wangu umechoka. Kanikataza baiskeli, chumvi, kuinama na hasira. Kuandika hakukutaja. Basi naandika.

Padri katupaka majivu leo. Wengine aliwapaka akapita. Kwangu alisimama, akanikagua kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akatangaza kuwa atarudi kigangoni kwetu Jumapili ya tarehe 12 kusikiliza maungamo ya wazee na wagonjwa. Neno "wagonjwa" alilisema akinitazama mimi.

Nimeorodhesha dhambi zangu. Zimetoka saba tu. Nilitegemea zaidi, kwa mtu wa miaka sabini na miwili aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali. Sita ni nyepesi. Hasira, masengenyo, pombe ya Krismasi ya 1968, na kadhalika. Ya saba ni shamba.

Naliandika hapa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1974, watu walipohamishwa kuja kukaa pamoja kijijini, mashamba yaligawanywa upya. Mimi ndiye niliyekuwa bwana shamba. Ekari nne za mashariki zilikuwa za Bujiku, kaka yake mke wangu Specioza. Udongo mweusi, unaomeguka mkononi kama mkate, unaonukia mvua hata kiangazi. Nikaandika kwenye ripoti: "Udongo huu umechoka. Haumfai mkulima wa kawaida. Uwekwe chini ya uangalizi wa mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa mimi. Bujiku alipewa mteremko wa kichanga ambao hata mbuzi walikuwa wakiupita haraka.

Nimesoma katekisimu mara mbili nikitafuta upenyo. Ukikasirika, unajuta, imekwisha. Ukichukua kitu cha mtu, lazima ukirudishe. Hakuna upenyo! Specioza hajui. Nilimwambia kijiji kimenipa. Na hilo ni kweli, kwa kiasi fulani.


Alhamisi, 2 Machi.

Mgeni. Mtafiti, binti wa miaka thelathini hivi, jina lake Gloria. Kafikia shule ya msingi na masanduku mawili, machujio ya waya na hadubini. Kaja kunisalimu kwa kuwa kaambiwa mimi ndiye msomi wa hapa. Kaniamkia mwangaluka kwa Kisukuma safi, kaniita guku, yaani babu, kama mjukuu. Nikampenda papo hapo. Haikudumu.

Anatafuta kuvu. Nikamweleza kwa upole kwamba kuvu ni ugonjwa, na dawa yake ni salfa. Akasema zipo za namna nyingine. Nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinaingia kwenye mzizi wa mhindi na kutoka nje kwenda mbali, kuuletea mmea fosforasi na maji mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Mmea unazilipa sukari. Nilihitimu chuo cha kilimo mwaka 1949. Hakuna aliyetuambia habari za sukari.

Nikamuuliza nini kinaziua. Akahesabu kwa vidole. Kumwaga mbolea ya chumvichumvi kupita kiasi, hasa ya fosfeti, maana mmea ukishiba unawafukuza wafanyakazi. Kulima kwa kina kila mwaka, kunakokata nyuzi. Kuchoma mabua. Kuacha ardhi uchi.

Hayo manne ndiyo masomo yangu manne. Nimeyafundisha miaka thelathini na moja. Nilipewa cheti kwa ajili yake, na baiskeli.

Jumatano ijayo atachukua udongo kwenye shamba langu na la Bujiku. Jumamosi atawasomea watu majibu, kisha aondoke.

Nimekaa kibarazani nikiwaza, na wazo limekuja lenyewe, kama ndege anavyotua. Vipimo vikionyesha kwamba shamba langu limechoka, basi ripoti yangu ya 1974 ilisema kweli. Si uongo tena. Nilikuwa nimetangulia tu! Na mtu haungami kutangulia.

Kazi ni moja: shamba lichoke kabla ya Jumatano.


Ijumaa, 3 Machi.

Nimeanza na mbolea. Kuvu zinakufa kwa fosfeti, basi zipate fosfeti. Zamani ningeandika hati kwa chama cha ushirika, na mbolea ingefika miezi minne baadaye, pamba ikiwa imeshavunwa. Sasa ni soko huria. Mtu yeyote mwenye kibanda mjini anauza mbolea, vitenge na betri kwenye meza moja.

Siruhusiwi baiskeli. Nani aende Bariadi? Bujiku akapita akiwa anakwenda mjini kununua chumvi ya ng'ombe. Akauliza kama nina shida yoyote. Nikasita, kwa heshima ya hali yenyewe. Halafu nikamwagiza mfuko mmoja wa TSP, ile mbolea ya fosfeti.

Akashangaa. Akasema, "Shemeji, mahindi yako yameshafika kiunoni. Unayatakia nini tena?"

Nikamjibu kuwa ni utaalamu. Akacheka, akaondoka. Ana miaka sabini, anapanda baiskeli kama kijana wa posta. Daktari hajamkataza kitu.


Jumamosi, 4 Machi.

Mfuko umefika. Bujiku kaubeba maili zote hizo na kauingiza mpaka uani. Akakataa hata maji.

Nimeketi kwenye kigoda katikati ya shamba, nikimwelekeza Mhoja anyunyize. Mhoja ndiye anayetulimia kwa plau na ng'ombe wake. Nikamwambia amwage kwa ukarimu. Akamwaga. Nikaona rangi si ile. Nikaomba kiganja kimoja, nikanusa.

Specioza alikuwa akipita na karai. Akanusa naye, akasema haya ni mavi ya mbuzi yaliyosagwa na majivu ya jikoni, na kwamba aliyesaga kafanya kazi nzuri.

Mfuko mzima! Nimewaua kwa samadi! Binti Gloria alisema juzi samadi kuvu wanaifurahia. Yaani nimewaandalia karamu. Enzi za ushirika mbolea ilichelewa, lakini ilikuwa mbolea.

Nimekasirika dakika kumi, kisha nikakumbuka daktari.


Jumapili, 5 Machi.

Ibada imeongozwa na katekista, Padri hayupo. Nikaketi nyuma ili niwahi kutoka. Bujiku naye akaketi nyuma. Tulipotoka akanishika mkono kunisaidia kushuka ngazi, na hakuuachia.

Akasema ana neno. Binti yake Salu karudi kutoka kwa mumewe huko Kimali, na watoto watatu. Mume kaoa mwingine, na wazee wameshindwa kuwapatanisha. Salu anaishi kwenye jiko la mama yake. Anataka kulima dengu mwezi huu, kabla unyevu haujaondoka, ili watoto wale na wapate cha kuuza. Ule mteremko wa Bujiku haukamati maji ya kutosha kwa dengu. Dengu inataka udongo mweusi.

Nilijua sentensi inayofuata kabla hajaisema.

"Ekari moja tu shemeji, pale mashariki. Kwa msimu huu. Siyo ya kumpa, ya kumwazima."

Alikuwa akiniomba nimwazime shamba lake! Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulishafunguka. Nikasikia sauti yangu ikisema, kwa huruma kubwa, kwamba udongo wa pale umechoka, na kwamba sina roho ya kumpa mtoto wa shemeji ardhi mbovu.

Bujiku akatazama chini. Akasema hata udongo uliochoka ukipumzishwa unaamka. Nikakohoa. Nikaendelea kukohoa mpaka Specioza akaja kunichukua.

Njiani akaniambia kikohozi changu kimeanza ghafla sana. Mwanamke ana masikio.


Jumatatu, 6 Machi.

Moto.

Kule pembezoni mwa shamba kuna rundo la mabua ya pamba ya mwaka jana. Nikamwambia Mhoja ayatandaze kwenye kipande kisicho na mahindi na ayawashe. Moto wa kitaalamu. Mvua ilikuwa imenyesha juzi. Mabua hayakuwaka. Yalitoa moshi. Mweupe, mzito, wenye nia mbaya.

Upepo ukaupeleka kwenye ngitiri ya Bujiku. Ngitiri ni kile kipande cha nyasi na miti alichokizungushia mpaka ili ndama wapate malisho wakati wa ukame. Kwa miaka ishirini nimekitumia kwenye semina kama mfano wa uvivu. Hachomi, hafyeki, halimi. Anaacha tu. Na shamba lake lililobaki analikwaruza juu juu kwa jembe la mkono, anamwaga samadi, anachanganya mahindi na kunde kama mtu aliyeangusha vikapu viwili. Hajawahi kununua mfuko wa mbolea maishani mwake, isipokuwa ule wangu.

Lakini nilisahau mizinga. Ana mizinga sita mle.

Nyuki wakaja kufuata chanzo cha moshi. Mhoja alikimbia upande wake, mimi wangu. Mara ya mwisho kukimbia ilikuwa 1981, na nilikuwa na umri unaoruhusu. Nimefika ndani nikiwa na miiba minne, mmoja sikioni. Specioza, akiitoa, akasema mtu mwenye moyo uliochoka anakimbia vizuri kuliko alivyodhani.

Bujiku kaja jioni kuniletea asali nipake. Sikuweza kumtazama. Sikio lilikuwa limevimba upande wake, likanisaidia.


Jumanne, 7 Machi.

Plau. Nilimwagiza Mhoja aje na ng'ombe wanne, azamishe plau mpaka mwisho wake, alime kipande cha mashariki chote, mahindi na mabua pamoja. Nyuzi zikatike zote.

Mhoja akasimama akitazama mahindi. Akavua kofia. Akasema amewahi kulima mashamba ya walevi, na ya mtu mmoja aliyegombana na mkewe, lakini hajawahi kufukia mahindi yaliyofika kiunoni, na hataanza leo. Akasema ng'ombe wake wenyewe watakataa. Nikamwambia ni amri ya kitaalamu. Akamwita Specioza.

Walisemezana Kisukuma, kwa sauti ya chini, ile ya kuzungumzia wagonjwa. Kisha Mhoja akafungua nira, akaniaga kwa adabu iliyopita kiasi.

Specioza akanipikia uji na kuniuliza leo ni siku gani ya juma. Nikamjibu. Akaniuliza rais ni nani. Kudharauliwa huku!


Jumatano, 8 Machi.

Vipimo. Gloria alikuja asubuhi na jembe dogo na mifuko ya khaki. Anatembea shamba zima kwa kwenda upande huu na huu, anachimba hapa na pale, anachanganya. Udongo unaingia kwenye mfuko, na mfuko unafungwa kikaratasi chenye jina kwa uzi wa katani. Mizizi michache ya mahindi anaikata na kuitia kwenye vichupa anavyovaa kwenye mkoba wake kiunoni.

Nilijitolea kumwongoza. Nilimpeleka pale tunapomwaga majivu. Pale ng'ombe wanaposimama wakingoja plau. Pale lori la pamba lilipozama mwaka juzi. Alishukuru kila mara, akachimba mahali pengine.

Kisha akaufikia mpaka wa minyaa. Kati ya minyaa na mahindi kuna ukanda wa hatua mbili, plau haijawahi kuufikia tangu mpaka uwekwe. Majani tu na mizizi ya zamani. Akachuchumaa akachimba. Nikamwambia pale si shamba, ni mpaka. Akasema ndiyo maana anapataka. Akapatengea mfuko wake peke yake.

Kwa Bujiku alichukua pia. Bujiku hakumwongoza popote. Alikaa chini akachonga mpini.

Mifuko mitatu ipo kwenye stoo ya shule. Nimeona ufunguo unakotundikwa.


Alhamisi, 9 Machi.

Nimekwenda shuleni saa nne, darasa likiwa kwenye mapumziko na Gloria akiwa amekwenda kuchota maji. Nilitumia nusu saa kwa mwendo wa dakika tano. Nimepumzika mara tatu, mara ya tatu juu ya jiwe lenye siafu.

Mpango ulikuwa safi. Shamba langu ni jeusi, limelimwa kitaalamu, mahindi yake ni marefu. Lazima kuvu wamejaa, hasa baada ya ile karamu ya Jumamosi. Mteremko wa Bujiku ni mchanga mtupu unaolimwa na mvivu. Lazima hauna kitu. Basi nikibadilisha vikaratasi, kile cha jina langu, "Januarius", kikae kwenye mfuko wa Bujiku, na cha "Bujiku" kwenye wangu, vipimo vitaniona nimechoka, na Bujiku ataonekana ana shamba zuri. Nikamwona kwa mawazo akifurahi. Nilikuwa karibu kulia kwa wema wangu.

Uzi wa katani unasumbua vidole vya mzee. Lakini nimefaulu! Nimerudi nyumbani nikala ugali wote. Specioza kaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimetembea kwa ajili ya afya.


Ijumaa, 10 Machi.

Siku mbaya.

Gloria kaniita nije nione, kwa kuwa mimi ni mtu wa fani. Ameichemsha mizizi kwenye sufuria yenye dawa juu ya jiko la mkaa, Specioza, aliyenisindikiza, akamuuliza kama ni mlenda. Akaitia rangi ya buluu. Akaweka kipande kwenye hadubini, akanishika kichwa taratibu na kunielekeza.

Nikaona. Mzizi wa mhindi, mwangavu kama kioo, na ndani yake nyuzi za buluu zikipita chumba hadi chumba, zikigawanyika, na ndani ya vyumba vingine vichaka vidogo sana, kama miti ya ngitiri ikionekana kutoka juu angani. Vyote hivyo ndani ya kitu chembamba kuliko uzi wa kushonea. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Miaka sabini na miwili. Nimevikanyaga maisha yangu yote.

Nikamuuliza ni mzizi wa shamba gani. Nilitaka sana uwe wangu. Sijui kwa nini.

"Wa babu Bujiku," akasema.

Akanionyesha na wangu. Safi. Mtupu. Nyuzi mbili tatu, kama nywele kwenye kichwa changu. Akaeleza kwa upole kwamba ndivyo inavyokuwa kwenye shamba lililolimwa kwa kina, likachomwa na kumwagiwa chumvichumvi kila mwaka kwa miaka ishirini. Mahindi ni marefu kwa sababu ya mbolea, akasema. Ikikosekana mbolea, hayatakuwa na wa kuyasaidia.

Nikaanza kuelewa polepole. Shamba langu limechoka. Limechoka kweli! Bila nyuki, bila moshi, bila mavi ya mbuzi. Nililichosha mwenyewe, kitaalamu, kuanzia 1974. Sikuhitaji kufanya chochote wiki hii ila kukaa kibarazani.

Na nimebadilisha vikaratasi!

Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama udongo wa mifukoni ameshaupima. Akasema wote, leo asubuhi, ameuchuja na kuhesabu mbegu za kuvu, na matokeo ameshayaandika kwa wino. Nikaomba kiti.


Jumamosi, 11 Machi.

Mkutano chini ya paa la darasa la tano. Watu wamejaa kuliko siku za siasa. Salu alikaa mbele na mtoto wake mdogo mgongoni. Mifuko mitatu ya udongo uliobaki iko mezani na vikaratasi vyake.

Gloria akasimama. Akasema kuna jambo limemkosesha usingizi. Udongo wa mfuko wa guku Januarius umejaa mbegu za kuvu kuliko yote aliyopima wilayani. Watu wakapiga makofi. Wakanigeukia. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Akasema udongo wa mfuko wa babu Bujiku hauna kitu. Nikamwona Salu akimtazama baba yake. Bujiku akaendelea kuchonga mpini wake.

"Lakini mizizi inasema kinyume," akasema Gloria. "Mizizi ya guku ni mitupu. Ya babu Bujiku imejaa. Udongo na mizizi haviwezi kupingana hivyo kwenye shamba moja. Na mizizi nilitembea nayo kiunoni mwenyewe."

Bujiku akaweka mpini chini. Akaenda mezani, akachukua udongo kutoka mfuko wenye jina langu, akausugua kiganjani, akaunusa.

"Huu ni wangu," akasema. "Una mavi ya ng'ombe wangu."

Darasa likacheka mpaka vumbi likashuka kwenye mabati. Mtu wa nyuma akauliza kama anaweza kumtaja na ng'ombe mwenyewe. Bujiku akanusa tena, akasema ni yule jike mwenye doa. Mimi sikucheka. Specioza naye hakucheka. Alikuwa akinitazama, nami nilijua anayapanga moja moja: mfuko wa mbolea, moshi, plau, na kutembea kwa ajili ya afya.

Ingekuwa imeishia hapo. Lakini Gloria akainua mfuko wa tatu, wa ule ukanda wa minyaa, ambao sikuugusa kwa kuudharau. Akasema huo una kuvu tele, sawa na ngitiri. Ni udongo uleule wa shamba langu, hatua mbili tu, ila haujawahi kulimwa. Yaani shamba zima lilikuwa hivyo siku lilipokabidhiwa mtaalamu.

Hakuna aliyecheka. Wazee waliokuwepo 1974 walianza kutazama viatu vyao.

Nyumbani Specioza alitenga ugali bila mboga. Akakaa mbele yangu. Akauliza mara moja tu. Nikamwambia yote, tangu ripoti. Ilichukua muda mrefu kwa sababu ya kupumua. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Miaka ishirini na mmoja nimekula mahindi ya kaka yangu nikidhani ni ya mume wangu."

Kisha akasema kesho, kabla ya Padri, nitakwenda kwa Bujiku kwa miguu yangu. Nikamkumbusha habari za daktari. Akasema nikianguka njiani ataniokota.


Jumapili, 12 Machi.

Nimekwenda. Sikuanguka.

Bujiku alikuwa akikamua. Sikuketi. Nikamwambia ule udongo haukuwa umechoka. Nikamwambia niliandika uongo kwa sababu niliutamani. Sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyopanga.

Hakuacha kukamua. "Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu jana?

"Tangu sabini na nne, shemeji. Kijiji kizima kinajua. Wewe peke yako ndiye ulikuwa hujui kama tunajua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakushtaki.

"Ungeandika ripoti nyingine."

Akasimama, akanipa kibuyu cha maziwa ya moto nishike. Akasema hataki maneno. Anataka Salu apande dengu wiki hii. Mahindi niliyopanda nitavuna mwenyewe, na kipande kisicho na mahindi apewe Salu leo, sehemu iliyobaki baadaye. Nikasema ndiyo. Salu alikuwa mlangoni mwa jiko, akasikia. Hakushukuru. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akaondoka kuelekea mashariki bila hata kumaliza uji wake.

Padri alinisikiliza dakika nne kwa dhambi sita, na nusu saa kwa ile moja. Malipizi: niandike barua ya kurudisha shamba, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi. Nikaandika palepale sakristia. Mwandiko mzuri. Wote wakasaini. Nikatoka nimekuwa mwepesi kama pamba iliyochambuliwa.

Sasa nipo tayari kufa. Naandika haya kwa amani kubwa.


Jumatatu, 13 Machi.

Sikufa.

Nimekaa kibarazani nikiitazama mashariki. Salu ameshakwatua robo ekari, juu juu tu, kama babake. Hachomi majani. Anayalaza. Inauma kwa mtu aliyesoma.

Nimekumbuka jambo ambalo Padri hakuliuliza, kwa hiyo halimo kwenye maungamo. Nitazikwa wapi? Mtu huzikwa kwenye ardhi yake, na mahali alipozikwa pana heshima yake hata ardhi ikiwa ya mwingine. Wanangu watapaswa kuja kusafisha. Watahitaji njia. Waombolezaji watahitaji mahali pa kuketi. Mimi nafahamika mpaka Nyalikungu, watakuja wengi. Nimepiga hesabu: nusu ekari, kwa kubana. Kwa heshima, moja.

Nikamwita Bujiku nikamwomba, kama mtu anayekufa, anizike katikati ya shamba la mashariki. Nilidhani atasita. Hakusita hata kidogo. Akanishika bega akasema, "Zikwa tu shemeji, hapana neno. Salu atapanda dengu juu yako."

Na alimaanisha kweli, yule! Kaondoka akipiga mluzi.

Dengu juu yangu. Halafu nyuzi zije, ziingie, zinibebe kidogo kidogo ziipelekee dengu ya Bujiku! Nimefikiri mchana kutwa. Specioza kaniona nikitabasamu akaleta vidonge. Jibu ni saruji. Kaburi la saruji. Juu ya saruji dengu haioti, plau haipiti, na kuvu hawana wanachoweza kufanya.

Kesho namwita fundi Maganga. Nitamuuliza kwa mbali, kama mtu asiye na haja: ekari moja, mifuko mingapi?